Mstari Mrefu wa Mama Phelix

Jumapili, 2 Machi

Jana baada ya ibada ya mchana mke wa mchungaji alitukalisha akina mama kwenye nyasi nyuma ya kanisa akatuuliza, "Yale malengo mliyoomba Januari yamefika wapi?" Wengi waliangalia viatu vyao. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini akasema tusijibu hapo, kila mtu aende nyumbani akaandike, mtu na Mungu wake. Basi nimenunua daftari kule senta. Mume wangu, Baba Elmina, yuko shifti kwenye kiwanda cha chai, nimekaa jikoni, naandika.

Nikiwa darasa la sita mama yangu alilazwa hospitali ya misheni kule Kaplong. Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyepita asubuhi na trei, viatu vyake havina kelele, na kila kitanda aliposimama mgonjwa alijiinua akakaa hata kama jana yake alikuwa anaaga watu. Nikasema, mimi nitakuwa huyo. Halafu nikamaliza la nane, karo ya sekondari ikakosekana, nikaenda kuchuma majani ya chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho, nikaolewa na Obure, tukanunua hiki kishamba cha chai upande huu wa Litein, na kwetu Kisii tukawa tunaenda kwa matanga na harusi tu. Mengine Mungu ametenda. Nyumba ina mabati, maji yako karibu, Elmina amesoma na ameolewa Nakuru. Ni hilo moja tu limekaa moyoni kama mfupa wa samaki.

Sasa mlango umefunguka. Mhudumu wa afya wa kijiji chetu amehamia kwa mwanawe Eldoret, na Alhamisi mzee wa kijiji, Mzee Johana, ameita baraza tuchague mwingine. Ni kazi ya kutembea nyumba kwa nyumba, kupima presha, kuangalia watoto na wajawazito, na kujua nani wa kupelekwa Kapkatet hospitalini kabla mambo hayajaharibika. Nani hapa anajua magonjwa ya watu kama mimi? Nani huyaombea?

Nimemwomba jirani yangu Jerusa, Mama Phelix, anitaje jina siku hiyo. Kwao ni kule ziwani. Mumewe alikuwa karani kiwandani, akafa, naye akabaki na shamba lake linalopakana na letu. Tunasali kanisa moja. Haongei sana. Alisema tu, "Nitakutaja, mama."

Jumatatu, 3 Machi

Jua kali. Chai imekauka, majani yanakwaruza vidole. Nimefunga na kuomba.

Jumatano, 5 Machi

Nimepiga pasi ile nguo ya buluu.

Alhamisi, 6 Machi



Baraza lilifanyika pale senta, kati ya tangi la maji na lile duka lililofungwa. Mzee Johana akasema, "Hapa hakuna karatasi. Utasimama nyuma ya mtu unayemtaka, nitaangalia kwa macho yangu, tutaenda nyumbani." Jerusa akasimama kama tulivyopatana. "Mimi namtaja Mama Elmina." Watu wakapiga makofi ya adabu.

Halafu Rebeccah, yule mama kijana wa Kikipsigis ambaye shamba lao liko ng'ambo ya kijito, akainua mkono. "Na mimi namtaja Mama Phelix."

Jerusa aligeuka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Mimi? Aa-a, jamani, mniache. Mimi nimeleta mtu."

"Umeleta mtu, na sisi tumekuona wewe," sauti ikatoka nyuma, na watu wakacheka. Nilicheka pia. Mungu anisamehe, nilidhani ni mzaha.

Nikaambiwa nisimame karibu na tangi, Jerusa mbele ya duka. Watu wakaanza kujipanga. Wengine walipita mbele yangu macho yakiwa chini, kama wanaotafuta sindano kwenye nyasi. Walikuwa watu ambao nimewapelekea uji wakiwa wagonjwa, na ambao nimewashika mkono nikawaombea mpaka jasho likanitoka. Mstari wa Jerusa ukapita duka, ukapita kibanda cha kinyozi, ukakunja kona. Nyuma yangu kulikuwa na mama mzee wa akina Bogonko, ambaye hasikii vizuri, na dada wawili wa kwaya, na mama mmoja mwenye jerikeni. Baadaye nilikuja kujua huyo wa jerikeni alikuwa amepanga foleni ya maji.

Hapo ndipo mvua ya kwanza ya msimu ikaanguka. Tumeiomba tangu Januari, ikachagua dakika ile. Na katika mvua hiyo nikamwona Baba Elmina anatoka kiwandani na gambuti zake miguuni. Akaniangalia. Akamwangalia Jerusa. Akavuta kofia, akaenda akasimama kwenye mstari wa Jerusa!

Tulipofika nyumbani nikamuuliza, "Baba Elmina, ulikuwa unafanya nini kule?"

"Mvua."

"Mvua?"

"Kule kulikuwa na paa, Mama Elmina. Upande wako hata mwavuli haukuwepo."

Nimempakulia ugali na mboga nikaenda kulala bila kula.

Nimesahau kuandika kwamba Jerusa alinifuata kwenye matope. "Mama Elmina, mimi sikuitaka hii." Nikamwambia hongera. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Sabato, 8 Machi

Mvua asubuhi. Kanisa lilijaa hata hivyo.

Wakati wa mahitaji ya maombi nilisimama kama kawaida yangu nikapewa maikrofoni. Nilimtaja tena, kama Sabato zilizopita, Mzee Johana na mkojo wake unaokatika katika. Nilimtaja tena mkwe wa akina Bogonko ambaye amerudi kwao na alama usoni, na yule binti aliyetolewa shule kwa sababu tunayoijua wote. Sipendi maombi ya jumla jumla. Mungu ni daktari, na daktari anaambiwa ni wapi panauma. Mwisho nikamshukuru Mungu kwa ajili ya Mama Phelix na kazi aliyopewa.

Mdomo ulisimama ukashukuru. Moyo ulibaki umekaa kwenye benchi.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Chai imechipuka.

Jumatatu, 24 Machi

Jerusa amerudi kutoka mafunzo Litein. Amepewa begi la mgongoni, mashine ya presha, simu ya kazi, na koti. Koti ni la kijani kibichi, lina mifuko mingi, na nyuma limeandikwa kazi yake. Limemkaa kama lilikatwa juu yake. Rangi hiyo kwake inazima, mtu yeyote mwenye macho anaona. Mimi ndiye ninayependeza na kijani.

Alhamisi, 27 Machi

Koti limepita asubuhi. Koti limerudi saa nane. Nilikuwa nachuma majani karibu na njia, sikuinua kichwa.

Jumatano, 2 Aprili

Leo amefika kwangu. Nilimwona anafungua lango, nikaingia katikati ya chai nikainama. Nimetimiza miaka arobaini na saba nikijificha kwenye chai yangu mwenyewe! Akaita, "Hodi! Mama Elmina, nakiona kitambaa chako cha kichwa."

Nikatoka. "Nilikuwa nang'oa nyasi."

"Kaa nikupime presha."

"Presha yangu anaijua Mungu."

"Mimi sina shaka. Lakini hii simu nayo inataka kujua," akasema, na kwa bahati mbaya nikacheka. Nikakaa. Akanifunga ile mashine mkononi, ikakaza, ikapumua. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Nilitamani viwe vizito. Nilitamani akosee, nimfundishe.

Akasema presha iko juu kidogo, nipunguze chumvi, atarudi kupima tena. Nikamuuliza, kwa upole tu, "Na kule kwa Rebeccah umepita? Nasikia siku hizi hatoki. Kwani ana nini?"

Akawa anakunja mipira ya mashine yake. "Nimepita."

"Nataka tu kumwombea, mama. Niambie nijue ninaombea nini."

"Mwombee hivyo hivyo. Mungu anajua nyumba yake."

Ona majivuno! Wiki moja tu kwenye koti, na sasa yeye ndiye anaamua mimi niambiwe nini. Huyu Jerusa nilimpokea hapa akiwa hajui hata kulaza ufito juu ya chai ili aichume ikae sawa kama meza. Nilimshika mkono siku ya mazishi ya mumewe. Na sasa ananifungia mdomo kama ofisi.

Sabato, 5 Aprili

Bwana, nisamehe. Badala ya kusikiliza hubiri nimeomba simu ya Mama Phelix iishiwe chaji na mvua impate akiwa mbali na nyumba. Mvua kubwa, upande wake tu.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua ya mawe. Ilikuja saa tisa na upepo kutoka upande wa Kericho, ikapiga mabati tukawa hatusikilizani. Ilipoisha tukatoka. Chai yetu imechanika yote, majani yamelala chini kama mboga iliyokatwa, na mawe meupe yamejaa kati ya mistari. Tutakaa wiki kadhaa bila kupeleka hata kikapu kwenye kituo cha kupimia chai.

Ya Jerusa haikuguswa! Mawe yalisimama pale pale kwenye mpaka, kama yalionyeshwa. Upande ule kijani kinang'aa. Baba Elmina alisimama akaangalia huku na huku, akasema, "Mama Elmina, wewe na Mungu mmekosana wapi?" Alikuwa anatania. Nilienda jikoni nikalia, kwa sababu nilikuwa najua niliomba nini.

Jumatatu, 14 Aprili

Jerusa amekuja na koti lake kutupa pole. Amesema nichume kwake wakati tunangoja yetu ichipuke, kwa sababu yeye kazi za kijiji zimemzidi na majani yanakomaa. Nimesema nitaangalia.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekubali. Nachuma chai ya Jerusa. Hata hilo.

Jumapili, 20 Aprili

Elmina amepiga simu. Nimemweleza yote, wivu wangu wote, tangu mwanzo. Akasema, "Mama, lakini wewe ulitaka kazi au ulitaka watu wakuone?" Nikamwambia mtandao ni mbaya.

Jumanne, 29 Aprili

Leo nitaandika mpaka niseme yote.

Wiki hizi nimekuwa nikitembelea watu kabla Jerusa hajafika. Nikisikia mtu anaumwa nawahi na chupa ya uji. Wananipokea, wanasema asante, lakini wanasimama mlangoni na mkono kwenye fremu. Hawaniambii nikae. Nikasema moyoni, ni yeye amewaambia kitu.

Asubuhi nikavuka kijito kwenda kwa Rebeccah. Mvua ilikuwa nyepesi. Nikasalimu kwa Kikipsigis, "Chamgei," nikaingia bila kungoja, kama nilivyozoea. Jerusa alikuwa amekaa naye kwenye kochi, mashine ya presha mezani, Rebeccah ameinua miguu juu ya kigoda. Waliponiona wakanyamaza. Na nikaona. Chini ya leso tumbo lilikuwa linaonekana. Miezi mitano, labda sita.

Nikapiga kelele ya furaha. "Bwana asifiwe! Rebeccah! Na hukuniambia! Sabato hii tutamwombea huyu mtoto mpaka…"

"Hapana," Rebeccah akasema.

Nilidhani hakusikia. "Nasema tutamweka mbele za Bwana."

"Mama Elmina, nakuomba. Usiniweke mbele ya mtu." Akashusha miguu. "Mwaka jana nilikwambia wewe tu. Tulikuwa tunachuma pamoja, unakumbuka? Hata mume wangu nilikuwa sijamwambia vizuri. Ulisimama Sabato ukasema tumuombee Rebeccah, Bwana amelikumbuka tumbo lake."

"Nilikuwa nakuombea!"

"Ulimwambia Mungu kwa maikrofoni. Na Mungu ni yule yule, lakini kanisani kuna watu. Mama mkwe wangu alisikia sokoni Litein, akauziwa habari hiyo pamoja na kabeji. Halafu wiki tatu baadaye mimba ikatoka. Wewe unajua kutembea njiani, na kila mtu unayekutana naye anakupa pole kwa kitu ambacho hukumwambia? Woi, mama! Sikulia nyumbani kwangu. Nililia barabarani, mbele ya boda boda."

Nikamwangalia Jerusa anisaidie. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Ndiyo maana nilimtaja yeye siku ile," Rebeccah akasema. "Hukunikosea kwa ubaya, najua. Unanipenda. Lakini mtu akikupa neno, linatembea kabla hujafika nyumbani."

Nikaweka ile chupa ya uji mezani. Nikasema, "Uji una ndimu, utakusaidia na kichefuchefu." Nikatoka. Nilipofika kwenye kijito nikakaa juu ya jiwe kwenye mvua. Nilikuwa na hasira, sitadanganya. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Maombi! Mtu anakosewa kwa maombi!" Halafu nikaanza kuwakumbuka mmoja mmoja wale wa mstari mrefu. Mzee Johana aliyewahesabu, na mkojo wake. Akina Bogonko, wote isipokuwa yule mama mzee asiyesikia. Baba wa yule binti wa shule, ambaye alisimama karibu kabisa na Jerusa, mkono kifuani.

Kila mmoja wao nilimwombea kwa jina.

Jumatano, 30 Aprili

Baba Elmina alipotoka shifti nikamwekea chai, nikamwambia aliyosema Rebeccah. Nilingoja aseme, huyo mtoto hana adabu. Akapuliza chai yake muda mrefu.

"Baba Elmina, ile siku ya baraza. Ilikuwa kweli ni mvua?"

"Kulikuwa na mvua."

"Obure."

Akaweka kikombe. "Unakumbuka ile shida yangu ya kukaa?"

Nilikumbuka. Alipata bawasiri, mwaka juzi.

"Jumatatu yake nilifika kazini kwenye boiler ya mvuke, vijana wote wamenitafutia mto. Mto, Mama Elmina! Wenye maua. Wakasema, 'Mzee, keti pole pole, kanisa linakuombea.' Mpaka leo nikikaa kwenye mkutano kuna mtu anauliza kama ni salama."

"Ulipona lakini."

"Nilipona. Na ningepona hata kimya."

Nilitaka kukasirika, lakini nikaona ile mito ya maua, nikacheka, naye akacheka, halafu kicheko kikageuka kuwa machozi na sikuweza kukizuia. Alinishika bega na mkono wake wenye masizi. Hata yeye nimeishi naye miaka yote hii na hakunianika mbele ya watu, na mimi nilimwanika.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua. Sikutoka.

Ijumaa, 2 Mei

Nimesoma tena nilivyoandika Machi, kwamba nani anajua magonjwa ya watu kama mimi. Nilikuwa naandika hivyo kwa majivuno. Yule muuguzi wa Kaplong, najaribu kukumbuka sauti yake, siikumbuki. Sijui hata kama nilimsikia akisema kitu cha mgonjwa mmoja kwa mwingine. Nilimpenda kwa viatu.

Kabla Sabato haijaingia naweka lengo jipya. Ni dogo, hata naona aibu kuliandika mbele ya lile la zamani. Mpaka mvua hizi ziishe sitasimama kanisani kutaja hitaji la mtu mwingine. Nitaomba nyumbani.

Sabato, 3 Mei

Nani angejua ni vigumu hivi? Mzee wa kanisa alipouliza nani ana hitaji, mkono uliinuka wenyewe kama wa mtoto shuleni. Nikaushika, nikaukalia. Nimeukalia mpaka ukafa ganzi. Mzee akaangalia upande wangu akasema, "Mama Elmina, leo huna neno?" Kanisa zima likageuka. Nikatingisha kichwa. Kulikuwa na ukimya fulani, kama redio iliyozimwa ghafla.

Jumatano, 7 Mei

Chai yetu imeanza kuchipuka, vijani vidogo vyenye rangi ya njano. Bado nachuma kwa Jerusa. Wivu haujaisha, nisijidanganye. Leo mtoto wa akina Bogonko alikuwa na homa, na nikaona mama yake anapita langoni kwangu anakimbia kwenda kwa Jerusa. Anapita tu, kama hapa hakuna mtu anayekaa. Nilikata majani makubwa bila kuangalia, karani wa kituo akanirudishia nusu ya kikapu mbele ya watu. "Mama, hii ni chai ama ni lishe ya ng'ombe?"

Sabato, 10 Mei

Nimeukalia mkono.

Sabato, 17 Mei

Nimeukalia. Kuna mama mwingine amesimama akamtaja shemeji yake na ugonjwa wake wote, kipande kwa kipande. Nikasikia masikio yanawaka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisikika? Na bado, nitasema ukweli, nilimwonea wivu. Alikuwa na maikrofoni.

Jumanne, 20 Mei

Nimempelekea Rebeccah maziwa. Nimesimama mlangoni bila kuingia. Akasema, "Ingia, mama." Nikakaa kidogo. Hatukuongea habari ya tumbo. Tuliongea habari ya kuku.



Jumatano, 28 Mei

Mvua imepungua. Jioni kuna ukungu tu. Sabato nyingine imepita na sikuandika, kwa sababu hakukuwa na kitu ila mkono na benchi. Jerusa amekonda. Koti lililomkaa vizuri sasa linaning'inia mabegani. Niligundua nilifurahi kidogo, kisha nikaona aibu, kisha nikafurahi tena.

Alhamisi, 5 Juni

Leo nilikuwa kwenye chai yetu, mara ya kwanza tangu ile mvua ya mawe. Jerusa akaja na kikapu chake akakiweka kando ya changu. Nikasema, "Shamba lako liko kule, mama, umepotea mpaka."

Hakucheka. Akaanza kuchuma upande wa pili wa mstari, tukachuma, tukachuma. Anachuma haraka siku hizi, nilimfundisha vizuri. Halafu bila kuinua kichwa akasema, "Mama Elmina, mimi nasikia ya watu wote. Natoka nyumba hii naingia ile, kila mtu ananipa lake. Yangu sina pa kuyapeleka."

"Una mchungaji."

"Mchungaji ana mke."

"Una mwanao Phelix."

"Phelix ndiye sitaki ajue sasa."

Nikaacha kuchuma. Nikamuuliza, "Kwa nini unakuja kwangu? Katika watu wote wa kijiji hiki? Si ulikuwa kwa Rebeccah siku ile, ulisikia."

"Nilisikia," akasema. "Na mwezi mzima nimekaa benchi la nyuma yako, nikakuona ukikalia mkono."

Halafu akaniambia.

Aliongea akiwa amesimama katikati ya chai mpaka kiunoni, na alipofika mahali fulani akajifuta macho kwa mkono wa lile koti. Hata hapo, Bwana, unajua mambo yangu, hata hapo jicho langu liliona ile rangi ya kijani. Lakini nilipita katikati ya mistari, matawi yananichana miguu, nikamshika. Sikumwombea kwa sauti. Sikujua niseme nini, kwa hiyo nikanyamaza, na kumbe alikuwa hataki kitu kingine.

Kuna mambo nitayafanya. Kuna siku nitamsindikiza mahali. Hapa ndipo ningeandika aliyoniambia, na kalamu iko mkononi. Sitaandika. Daftari, hata wewe. Umenivumilia msimu mzima na sina siri nawe, lakini hili si langu.

Ijumaa, 6 Juni

Sijalala vizuri. Neno la mtu ni zito kulibeba, sikujua. Siku zote nilikuwa nalitua njiani.

Sabato, 7 Juni

Jua. Ni Sabato ya kwanza tangu Machi kwenda kanisani bila mwavuli.

Mzee wa kanisa akauliza nani ana hitaji. Jerusa alikuwa nyuma yangu, nilisikia pumzi yake. Leo nilikuwa na hitaji kubwa kuliko yote niliyowahi kuyataja, la kweli, lenye jina na mahali panapouma, na kanisa zima lingeliombea kwa machozi. Na nilimpenda huyo mtu, pamoja na wivu wangu wote. Sikuukalia mkono. Niliuweka tu kwenye goti, ukakaa hapo.

Mzee akasema, "Mama Elmina?"

"Hapana, mzee. Tuendelee."

Nimeomba nyumbani jikoni, midomo imefungwa.

Wakati wa chakula Baba Elmina akasema, "Nilimwona Mama Phelix Alhamisi kwenye chai yetu. Mlisimama sana. Alikuwa anataka nini?"

"Alikuja kuniona."

Akangoja. Amenizoea, anajua baada ya neno la kwanza yanakuja mengine mengi, akaweka kabisa kijiko chini ili asikilize vizuri. Nikamwongezea mboga.

"Basi?" akauliza.

"Basi."

Aliniangalia, akaangalia mlango kama labda kuna mtu mwingine ameingia. Halafu akachukua kijiko chake akaendelea kula, pole pole, na mara moja moja akawa ananitupia jicho.